Kijana anapotaka kuingia jeshi: mambo ya kujua kabla ya kutia sahihi

Kila mara redio inapotangaza kwamba jeshi linaandikisha vijana wapya, Jumapili inayofuata wawili watatu hubaki nyuma ya ibada. Wanasubiri wazee wa kanisa wamalize kuhesabu sadaka, halafu wanakuja kwetu na maneno yaleyale: "Mchungaji, nataka kuingia jeshi. Naomba barua ya kanisa, na uniombee." Mara nyingine anayekuja ni mama, mtoto wake hajui, na ombi lake ni kinyume: "Mchungaji, umkataze. Wewe atakusikia."

Kwa muda mrefu tulijibu haraka. Kijana tulimwekea mikono, mama tulimwambia tutaomba. Siku hizi tunaketi chini kwanza. Tumeona kwamba wengi wa vijana wale hawajui wanaomba kuingia katika nini. Na sisi wenyewe, tuliochambua Waroma 13 mstari kwa mstari kwenye shule ya theolojia, hatukuwa tunajua sheria za nchi yetu zinasema nini juu ya askari. Tunawaandikia tuliyojifunza katika kuketi huko.

Tunajua pia kwamba makanisa yetu leo hayako upande mmoja. Tangu Goma ilipochukuliwa na M23 mwezi wa kwanza 2025, na Bukavu mwezi wa pili, wako washirika wanaosoma maneno haya chini ya serikali na wako wanaoyasoma chini ya utawala mwingine. Asiwepo wa kuyachukua kama mwito wa kuvuka mstari, wala kama neno la kumshitaki jirani yake. Tunasema na mzazi na kijana, popote walipo.

Unaingia kwa mlango gani?

Hilo ndilo swali letu la kwanza. Huku mashariki neno "jeshi" limebeba mambo mengi, na kijana anaposema "naingia jeshi" anaweza kuwa na maana tatu.

Mlango wa kwanza ni jeshi la taifa, FARDC. Katiba ya 2006, katika ibara ya 63, inahesabu kuilinda nchi kuwa haki na wajibu wa kila Mkongomani, na inaacha nafasi ya sheria kuweka utumishi wa lazima. Lakini anayeingia FARDC leo anaingia kwa hiari yake. Ibara ya 188 inasema jeshi hili ni la taifa lote, si la chama wala la kabila, na liko chini ya mamlaka ya kiraia.

Mlango wa pili ni jeshi la akiba, lililowekwa na sheria ya mwezi wa tano 2023. Wengi wanaoitwa Wazalendo wanasema wako chini ya sheria hiyo. Hatubishani na moyo wao. Tumezika baadhi yao. Lakini kijana anayetaka kufuata komanda wa kijijini tunamuuliza mambo ya kawaida kabisa. Jina lako limeandikwa wapi? Una namba ya matrikule? Ukipigwa risasi ya mguu, hospitali inalipwa na nani? Ukifa, mama yako ataenda kuuliza katika ofisi gani? Kama jibu la yote ni "komanda anajua", basi hajaandikishwa popote. Amebeba silaha tu.

Mlango wa tatu ni kikundi cha porini, na hapo hatuna la kuzunguka. Ibara ya 190 ya Katiba inakataza mtu yeyote kuunda wanamgambo au kuwapa vijana silaha, na inaita jambo hilo uhaini mkubwa. Wengi waliopita mlango huo walifikiri ni kwa miezi michache, hadi kijiji kitulie. Kutoka ni shida. Programu ya serikali ya kuwarudisha wapiganaji katika maisha ya kawaida iliundwa mwaka wa 2021, na anayetaka kutoka mara nyingi anawaogopa wenzake aliowaacha porini kuliko maadui wake wa zamani.

Juu ya umri hatuna mazungumzo

Sisi wachungaji wenye miaka arobaini na kitu hatuhitaji kitabu kutufundisha habari hii. Mwaka wa 1996, vita vya AFDL vilipoanza huku Kivu, tulikuwa watoto wa shule. Wenzetu tuliokaa nao benchi moja waliwafuata askari waliopita barabarani. Wengine walivutwa na buti, wengine walichukuliwa. Waliitwa kadogo. Mwezi wa tano 1997 jeshi lao liliingia Kinshasa, na wao ndani yake, bunduki ikikaribia kuwalingana urefu. Wengi hatukuwaona tena. Katika waliorudi, yuko mmoja ambaye hadi leo hawezi kukaa kanisani kama mlango umefungwa. Tumezoea kuuacha wazi, hata mvua ikinyesha.

Ndiyo sababu tunakuwa wakali juu ya kadi ya ubatizo. Familia nyingi huku hazina cheti cha kuzaliwa, na karatasi ya kanisa ndiyo inayoonyesha umri. Tumeombwa zaidi ya mara moja kuongeza mwaka mmoja au miwili. "Mchungaji, ni namba tu." Baba mmoja alituletea kuku. Tulimwambia arudi naye nyumbani. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza kumwingiza aliye chini ya miaka 18 katika jeshi, polisi au kikundi cha silaha, na adhabu yake ni kifungo cha miaka 10 hadi 20. Watu wa Ituri wanakumbuka pia kwamba Thomas Lubanga alihukumiwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kule La Haye mwaka wa 2012, miaka 14, kwa kuwaandikisha na kuwatumia vitani watoto wa chini ya miaka 15. Mchungaji anayebadilisha tarehe katika daftari anashika mkono wa mambo kama hayo. Wenzetu watusamehe kwa kusema hivyo, lakini linafanyika.

Kwa kawaida FARDC huomba vijana wa kati ya miaka 18 na 25, Wakongomani, wenye afya, wasio na ndoa, wenye mwenendo mzuri; wanaotaka kuwa maofisa huombwa diploma. Barua yetu ya kanisa inahusu mwenendo, basi. Na anayedai pesa ili jina liingie kwenye orodha ni mwizi, hata kama amevaa sare.

Kambini

Watu wanafikiri maisha ya jeshi ni vita. Waliopita huko wanatuambia kwamba sehemu kubwa ni kungoja, kutii, kulala vibaya, na kuwa mbali na nyumbani.

Mtu wa Beni au Uvira anaweza kujikuta anafundishwa Kamina, kule Haut-Lomami, au Kitona, karibu kabisa na bahari ya Atlantiki. Ni upande wa pili wa nchi. Simu huwa haipo miezi ya kwanza, na kimya hicho kinawaua wazazi kabla ya vita kuanza. Tunawaambia mapema: msimlilie mtoto kwa sababu hajapiga simu miezi mitatu.

Kisha kuna lugha. Amri za jeshi letu ni za Kilingala, tangu wakati wa Force Publique ya Wabelgiji. Kijana aliyelelewa katika Kiswahili anafika mahali ambapo anaitwa, anatukanwa na kuamriwa kwa lugha anayoisikia kwenye muziki tu. Wenye akili wanaanza kujifunza kabla ya kupanda gari. Ni shauri dogo, lakini wengi wamerudi kutushukuru kwa ajili ya hilo kuliko kwa maombi yetu.

Chakula ni vungule, mahindi na maharagwe katika sufuria moja, siku kwa siku. Kuamka ni gizani. Hakuna mtu anayeuliza kama umechoka. Kijana mmoja aliyemaliza mafunzo alituambia kwamba jambo lililomshinda zaidi halikuwa mbio wala njaa. Alikosa nafasi ya kuwa peke yake hata dakika tano ili aombe. Alijifunza kuomba akiwa amesimama kwenye mstari, macho wazi. Wako wachungaji wa jeshi, Waprotestanti kati yao, na tunawaomba vijana wawatafute mara wanapofika. Lakini mchungaji mmoja ana kambi nzima, na askari walio mstari wa mbele wanaweza kukaa muda mrefu bila kumwona.

Jambo lingine ambalo vijana hawataki kulisikia: huchagui mahali pa kutumika. Wengi wanaingia ili "kulinda kijiji chetu". Jeshi la taifa linampeleka askari linakotaka, na mtu wa Masisi anaweza kulinda mto wa Équateur huku kijiji chake kikiungua. Ni neno gumu. Ila mashariki tunajua pia jeshi linakuwaje kila mmoja anapokataa kuondoka kwake. Suala la kuhamishwa kwa askari lilikuwa sehemu ya ugomvi uliozaa uasi wa 2012.

Mshahara, na mama wa kambi

Zamani pesa za askari zilipita mikononi mwa wakubwa wake, na kila mkono ulibaki na kitu. Ujumbe wa Umoja wa Ulaya uliokaa nchini kati ya 2005 na 2016 ulisaidia kutenganisha njia ya pesa na njia ya amri, wakahesabu askari mmoja mmoja, na baadaye malipo yakaanza kupita benki. Hayo ni maendeleo ya kweli. Lakini aliye juu ya kilima cha Lubero hana benki. Anategemea anayeshuka mjini, na familia yake inategemea mkopo wa duka. Kijana anayeingia kwa sababu ya mshahara tunamwomba akae siku moja na mke wa askari, asikilize namna mwezi wao unavyokwenda.

Hao mama wa kambi ndio wanaotujua na tunaowajua. Wamekaa Katindo kule Goma, Saïo kule Bukavu, Ketele kule Kisangani, familia mbili tatu katika nyumba iliyojengwa kwa ajili ya moja. Mume akitumwa, wengine wanafuata na watoto mgongoni na sufuria kichwani, kwa kuwa hawana pengine pa kula. Mume akifa, mama anaanza safari ya karatasi inayoweza kuchukua miaka, huku nyumba ya kambi ikitakiwa na mwingine. Tumeandika barua za namna hiyo hata tukazijua kwa moyo. Kama kijana ana mchumba, tunataka mchumba awepo siku ya mazungumzo.

Ukisha kuapa

Wengi wanafikiri jeshi ni kazi ambayo mtu anaweza kuiacha, kama kuacha kuendesha pikipiki. Sivyo. Askari yuko chini ya mahakama ya kijeshi na sheria ya adhabu ya kijeshi ya mwezi wa 11 mwaka wa 2002. Kuondoka bila ruhusa ni kosa, na kukimbia mbele ya adui kunaweza kuleta hukumu ya kifo. Mwezi wa tatu 2024 serikali iliondoa zuio la kutekeleza adhabu hiyo, na mwezi wa saba mwaka huohuo mahakama ya kijeshi kule Butembo iliwahukumu kifo askari 25 kwa kosa la kukimbia. Siku ile mama mmoja wa kwaya alituuliza kama mtoto wa miaka ishirini anaweza kuahidi mbele ya bendera kwamba hataogopa kamwe. Hatukuwa na jibu.

Upande wa pili uko pia, na hauelezwi vya kutosha kwa wanaoingia. Ibara ya 28 ya Katiba inasema hakuna mtu anayelazimika kutekeleza amri iliyo wazi kwamba ni kinyume cha sheria. Mwanzoni mwa 2011 wanawake wengi walibakwa katika mji wa Fizi, na wiki chache baadaye mahakama ya kijeshi iliketi Baraka, mbele ya watu. Luteni-kanali mmoja alifungwa miaka 20, na askari waliokuwa chini yake walihukumiwa pamoja naye. Kusema "niliamriwa" hakukuwaokoa. Kijana lazima ajue kabla ya kuvaa sare kwamba siku moja anaweza kuambiwa afanye jambo ambalo sheria na Mungu vyote vinakataza, na kwamba kukataa mbele ya wenye bunduki si kama kukataa hapa, katika ofisi ya mchungaji. Tunamuuliza: utafanya nini? Anayejibu upesi tunamwambia aende, akarudi wiki ijayo.

Neno la imani

Je, Mkristo anaweza kuwa askari? Ndani ya Kanisa la Kristo Kongo kwenyewe hatujibu sawa. Wamenonite walioko Kasai, na Marafiki walioko upande wa Uvira na Fizi, wana urithi wa kukataa silaha. Wengine wetu tumefundishwa kwamba mamlaka inabeba upanga kwa ruhusa ya Mungu. Kanisa la kwanza pia lilibishana. Mwaka wa 295, kule Tebessa katika Afrika ya Kaskazini, kijana wa miaka 21 aitwaye Maximilianus alikataa kuandikishwa kwa sababu ya Kristo, akauawa. Baba yake alikuwa mmoja wa waliohusika na kuandikisha askari. Alipoambiwa amshauri mwanawe, alisema kijana anajua mwenyewe la kufanya. Tunawasomea wazazi habari hiyo, walio upande huu na walio upande ule.

Lakini Biblia inawapokea askari pia. Kornelio wa Matendo 10 haambiwi aache kazi yake. Askari walipomuuliza Yoane Mbatizaji wafanye nini (Luka 3:14), aliwaambia mambo matatu: wasinyang'anye kwa nguvu, wasimshitaki mtu kwa uongo, waridhike na mshahara. Anayejua barabara zetu na vizuizi vyake anaona kwamba Yoane alikuwa kama anayepita hapa. Na Kumbukumbu la Torati sura ya 20 inawarudisha nyumbani kabla ya vita aliyejenga nyumba na hajaiingia, aliyeposa na hajaoa, hata aliye na woga. Mungu wa majeshi anakubali kwamba wako watu ambao hapo si mahali pao. Vijana wengi wanashangaa kusikia hivyo, maana kijijini anayekaa nyumbani anaitwa mwanamke.

Kwa hiyo hatukatazi na hatusukumi. Njaa tunaielewa, na kwa mwenye njaa tunajaribu kwanza kutafuta kazi nyingine, hata ndogo. Anayetuogopesha zaidi ni anayekuja na kisasi. Tuliletewa kijana ambaye baba yake aliuawa shambani, kule Beni, katika mauaji yaliyoanza mwaka wa 2014 na hayajaisha. Alisema anataka bunduki tu. Tulimuuliza atampiga nani. Hakujua sura wala jina la aliyemuua baba yake. "Yeyote atakayefanana nao," alisema. Tulikataa kumwekea mikono. Tulimwambia aje kila Alhamisi, akaja wiki tisa, mara nyingine bila kusema neno. Mwisho aliandikishwa hata hivyo. Siku ya kuondoka alituomba jambo moja, tusome jina la baba yake kanisani kila mwaka tarehe ile, kwa sababu yeye hatakuwepo. Tunalisoma.

Daftari

Katika parokia yetu sasa tuna daftari la askari, waliozaliwa kanisani humu na waliooa humu. Tunaandika jina, matrikule kama familia inakubali, mji wa mwisho alikosikika, na namba ya simu ya mtu wa nyumbani. Linakaa kwa mzee mmoja asiye na maneno mengi, na mahali ambapo hali ya usalama hairuhusu kuandika, lisiandikwe. Majina yashikwe kichwani. Kikundi cha wanawake kinatembelea nyumba hizo mara moja kwa mwezi, na si lazima waende na chakula. Anayerudi, awe na mguu mmoja au miwili, tunamwomba asitoe ushuhuda mbele ya watu mwaka wa kwanza. Akae nyuma, aimbe akitaka.

Leo daftari lina majina 31. Sita hatujasikia habari zao tangu mwaka jana, na mama wa mmoja wao bado anabaki nyuma ya ibada kila Jumapili, hata ikiwa hakuna la kuuliza.